Injini Niliyoichagua kwa Jina Lako

Mkuyuni,
Morogoro.
Jumanne, 17 Juni 2025.

Mpendwa binamu Innocent,

Salamu nyingi zikufikie huko Geita, wewe, shemeji Catherine na watoto. Natumaini hamjambo nyote na kazi ya mgodini inakwenda vizuri. Sisi hapa tunaendelea salama. Masika yamekwisha, baridi ya mlimani imeshuka mpaka huku kwetu, wanangu wanakohoa kidogo lakini shule hawakosi. Wanakuamkia, shikamoo. Mama yako, shangazi Bernadeta, goti limepata nafuu tangu aanze kutumia ile dawa uliyomtumia. Kila anayepita njiani anaelezwa dawa imetoka kwa nani.

Baba naye mzima. Macho ndiyo yanazidi kumsumbua, ila masikio yake bado ya kijana. Gari likipanda huko ng'ambo ya bonde anakwambia liko gia namba ngapi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, nami nikikusikia unacheka nasahau hasira zangu. Safari hii sitaki kuzisahau. Isome mpaka mwisho. Kuna jambo nimelifanya kwa jina lako bila kukuuliza, na kuna kitu nakitaka kutoka kwako kabla mwezi haujaisha.

Ni habari ya Land Rover ya baba, ile 109. Mwezi wa pili injini yake ya petroli ilipasuka bloku tukiwa tunashuka kutoka Kinole na mikungu ya ndizi. Kuanzia hapo hakuna gari lililothubutu kupanda kule. Watu wamebeba ndizi kichwani masika yote, na mzee mmoja mgonjwa alishushwa kwa kitanda, vijana wanane wakipokezana. Kwa hiyo tulikaa kikao cha nyumbani, tukakubaliana kwamba safari hii tuweke injini ya dizeli.

Basi nikasubiri niulizwe ni dizeli gani. Miaka kumi na minne naendesha gari hilo, Innocent. Nimeifungua ile injini kwa mikono yangu mpaka najua kila nati. Baba akakohoa, akasema, "Muulizeni Innocent."

Mila zetu Waluguru nazijua, usinifundishe. Mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, lakini ukoo wangu ni wa mama yangu. Wewe, mtoto wa dada yake, ndiye wa ukoo wake. Nami nina wajomba zangu, na shamba lao la mdalasini litanifikia kwa njia hiyo hiyo. Ila wajomba zangu hawana gari.

Ukajibu kwa ujumbe: "Tafuteni injini ya Land Cruiser, ile ya silinda sita." Maneno tisa, nimeyahesabu. Baba alisomewa ujumbe huo mara tatu, na majirani wakaitwa wausikie. Nilimwambia kwa adabu kwamba injini hiyo ni ndefu, haitaingia mpaka rejeta isogezwe mbele, tena ni nzito, na nguvu zake zitavunja ekseli za nyuma ambazo hazikutengenezwa kwa kishindo kama hicho. Ninyi huko mgodini ekseli ikivunjika mnaandika karatasi, mnaletewa nyingine. Sisi ikivunjika tunalala porini.

Baba akanijibu, "Wewe ni dereva, Alois. Mwenzio ni mtu wa mitambo."

Nilinuna siku mbili. Mke wangu, Devotha, aliniuliza kama naumwa jino. Siku ya tatu nikaenda kwa baba, nikamwambia umenipigia simu na umebadili mawazo. Nikasema Innocent anashauri tuchukue injini ya Nissan, TD27, silinda nne, isiyo na turbo, kwa kuwa inatosha nafasi iliyopo, haili mafuta sana, na vipuri vyake vinapatikana mjini bila kutafuta. Nikaapa kabisa. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha. "Unaona?" akasema. "Huyo ni mtu anayefikiri mara mbili." Mimi niliyefikiri mara ishirini nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nilikwenda kuichagua Dar es Salaam. Nilipanda basi na ufito mkononi, mrefu sawasawa na nafasi kutoka ukuta wa mbele wa kibanda cha dereva hadi kwenye rejeta, na abiria wakadhani naenda kuchunga ng'ombe. Wale wauzaji wa injini za mtumba, wakijua unakuja, huiwasha mapema uikute na joto, maana injini iliyochoka huonyesha uchovu wake ikiwa ya baridi. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilifika kabla hawajafungua, nikangoja mlangoni. Mbili za kwanza niliziwekea kiganja nikakuta vuguvugu, labda kuna mteja mwingine aliyetarajiwa, nikazipita. Ya tatu ilikuwa baridi kabisa. Niliomba waiwashe palepale chini, nikafungua kifuniko cha oili kuona kama inapumua moshi. Haikupumua. Nikalaza ufito wangu juu yake, injini ikatosha, ikabaki nafasi ya vidole vinne.

Kuiunganisha na giaboksi ya zamani ndiko kulikonitoa jasho. Fundi Twalibu wa mjini alikereza sahani ya chuma ya kukaa katikati. Ya kwanza ilizidi unene, shafti ikawa haifiki. Ya pili matundu yalipishana. Ya tatu ikakaa. Siku zote hizo baba alikuwa akiniuliza, "Umemwuliza Innocent?" nami najibu ndiyo.

Jumamosi iliyopita tukapanda Kinole. Baba alikaa mbele, kofia mapajani, sikio dirishani. Nyuma tulikuwa na magunia ya mbolea ya kikundi cha akina mama wa kule. Ule mpando unaoujua, ambao zamani tulikuwa tunapanda kwa gia ya kwanza huku mtu anatembea nyuma na gogo tayari kuziba gurudumu, safari hii tuliupanda kwa gia ya pili. Injini haikulalamika hata kidogo. Nilitamani kulia, Innocent, sikufichi.

Juu watu walipiga vigelegele. Baba akashuka, akaweka mkono kwenye boneti, akasema kwa sauti, "Hii ndiyo akili ya mpwa wangu!" Wakakushangilia wewe. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani.

Wakati wa kushuka nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Baba, injini hii niliichagua mimi. Innocent alisema silinda sita, hakubadili mawazo hata siku moja. Nilikudanganya." Akacheka. Akanipiga kofi dogo gotini, akasema, "Mwanangu, punguza wivu. Mwenzio amekusaidia, mshukuru."

Kosa ni langu. Niliapa kwa mdomo huu huu.

Na wivu ninao, sikatai. Picha yako uliyovaa kofia ngumu ya mgodini iko ukutani sebuleni. Ilipowekwa, picha yangu ya kipaimara ilihamishiwa nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa haionekani. Ukituma salamu ni habari ya wiki. Mimi nimpelekaye hospitali, nimsomeaye ujumbe wako, nimkataye kucha, habari yangu hakuna aulizaye kwa kuwa nipo.

Gari sikuombi. Mwezi wa nane ukoo utakapokaa kikao cha kurithisha, kadi ya gari iandikwe jina lako, na funguo nitakukabidhi mwenyewe mbele ya watu wote. Sitatia neno.

Ila Jumapili ya tarehe 29, baada ya misa, baba atakupigia kukushukuru. Namba huwa nambonyezea mimi. Mwambie ukweli. Usimwambie nilikusaidia, wala kwamba tulishauriana. Mwambie wewe ulichagua silinda sita, na Alois akakataa, akachagua nne. Maneno yangu hayaamini, yako anayaamini, hata yakiwa ya kunisifu mimi. Hilo nalo linaniuma, lakini sina njia nyingine. Nitakuwa nimekaa karibu yake, nikiutazama uso wake.

Barua hii nampa Abeid, dereva wa lori la mchele, atakukabidhi mkononi. Msalimie sana shemeji Catherine, wasalimie watoto, na kaka Elia ukimwona. Shangazi Bernadeta anakusalimu, Devotha pia. Baba anakusalimu kuliko wote, kama kawaida yake.

Mungu akulinde na kila hatari ya huko chini ya ardhi, akurudishe nyumbani mzima.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye huku nimenuna,

Alois Yakobo