Shamba la Dirishani kwa Mzee Nyoni

Bombambili, Songea
Jumapili mchana

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo kutoka kwa binti yako Mwanahawa. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinama kuokota korosho? Na bibi, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila vidole vimechubuka kwa mafuta ya taa ninayosafishia rangi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza mtandao unakatika, unabaki na nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyokuudhi kwamba nimeahidi kuja Idi halafu sikuja. Mdogo wangu Sauda akusomee yote, asiruke.

Kwanza lile la mimi kuchora mashimo. Ni kweli kama ulivyoambiwa na yule mama aliyekuja huku kununua mahindi, lakini shimo ni moja tu, na nililichora kwa rangi kwenye sakafu ya saluni. Ukiwa mlangoni unaona saruji imebomoka na chini kuna maji. Ukilikanyaga hakuna kitu. Picha ya namna hiyo inachorwa kwa jicho la mtu aliyesimama mahali pamoja. Akisogea hatua mbili inapinda na kuharibika. Kazi yangu ya kila siku bado ni mabango ya maduka.

Sasa hili lililonizuia. Chumba ninachopanga kiko uani kwa dada mmoja anaitwa Skola, anauza nguo za watoto sokoni. Baba yake, Mzee Nyoni, ni mkulima wa tumbaku wa huko Namtumbo. Mwaka huu alipanda juu ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, akateleza kwenye nguzo, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alipasuliwa hospitali, na alipotoka Skola akamleta hapa amuuguze. Skola yuko peke yake, mama yake alishafariki.

Chumba alichowekwa ni kidogo, kitanda hakigeuki. Akilala macho yanaenda moja kwa moja dirishani, na nje ya dirisha kuna kichochoro, halafu ukuta wa nyuma wa nyumba ya jirani. Kutwa nzima anatazama matofali ya saruji. Chakula kinarudi. Nikienda kumwamkia anaitikia marahaba, basi, anarudisha macho palepale. Siku moja nikamuuliza anatazama nini. Akasema anahesabu matofali, na ameshayajua yote.

Nikamwambia Skola kwamba naweza kumchorea baba yake shamba lake. Mwenye ukuta, Baba Rehema, ana duka la unga upande wa barabarani. Tukamwomba, akakubali, mradi nisiandike maneno.

Mzee alinieleza shamba lote: bani liko kushoto, mahindi yako wapi, njia ya kushuka mtoni inapinda wapi, miti mitatu ya miyombo aliyokataa kuikata. Nikabandika karatasi ya nailoni kwenye dirisha, nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na mto wake, nikafumba jicho moja na kuchora kwenye nailoni. Kisha Skola akasimama kichochoroni na chaki, nami nikawa namwelekeza kutoka ndani: panda, shuka, kulia kidogo, weka alama. Ilituchukua siku mbili kuweka alama peke yake, na wiki nzima kupaka rangi.

Ilipokwisha, mzee akaanza kumwonyesha Skola kwa kidole, kana kwamba hajawahi kufika huko: pale ndipo mama yako alipokuwa anaanika mihogo. Jioni ile alikula ugali wote.

Ila kwa mpita njia ule ukuta ulikuwa kichekesho. Ukiwa kichochoroni miti imeinama kama walevi, na bani limevutwa mpaka juu ya paa. Watu walikuwa wanasimama na kucheka, wengine wakimuuliza Baba Rehema kama fundi alilipwa. Akaja amekasirika, akasema Jumamosi anapiga chokaa. Skola hakubishana naye. Alimkaribisha ndani, na mzee akamwambia achuchumae, aweke kichwa karibu na mto. Baba Rehema akachuchumaa na kanzu yake. Alikaa hivyo kidogo, kisha akauliza kama ile njia inafika mtoni. Mzee akamjibu kwamba inafika, ila masika inateleza. Habari ya chokaa haikutajwa tena.

Nikadhani nimetenda wema, mama, nikatembea kichwa juu. Lakini kila wiki alikuwa anakuja mtaalamu wa mazoezi kumfundisha mzee kukaa na kuweka mguu chini. Mwanzoni alikuwa anajaribu, analia na kujaribu tena. Baada ya picha akakataa kabisa. Akiinuliwa kidogo tu, shamba linapinda, na yeye anasema nilazeni. Mtaalamu akasema mfupa umeunga vizuri, kinachobaki ni yeye kuinuka, na kwamba mgongoni vidonda vya kulala vimeanza.

Skola akanifuata uani nikiwa naosha brashi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanahawa, baba alikuwa amelala kwa sababu ya nyonga. Sasa amelala kwa sababu yako."

Asubuhi yake nikaingia chumbani mzee akiwa bado amesinzia. Nikakaa kitandani miguuni pake, nikatazama dirishani jinsi mtu aliyekaa anavyotazama. Hapo nikajua la kufanya. Nilimwambia Skola kwanza, maana ni baba yake. Akafikiri, akasema akikataa kula je? Nikamwambia nitakuwepo.

Mama, ile ilikuwa wiki ya Idi. Tiketi nilikuwa nimeshakata.

Nilipaka ukuta wote rangi ya saruji mzee akitazama. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia ukweli: nalichora upya, na safari hii litanyooka kwa mtu aliyekaa tu. Akasema, "Binti, mimi nilidhani wewe ni mtoto wangu. Kumbe umekuja kuninyang'anya shamba." Nikaendelea kupaka. Machozi yalikuwa yananitoka lakini mkono sikuusimamisha, kwa sababu ningesimama nisingeweza kuanza tena.

Siku nne nilizokuwa nalichora upya kwa haraka alinigeuzia uso. Skola alikuwa anamlisha uji kwa kumbembeleza, na mimi nikimwamkia haitikii. Mtu mzima kukunyima marahaba, mama, ni kitu kizito. Siku ya Idi niliswali, nikapika pilau kidogo nikampelekea. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Ndiyo siku uliyonipigia ukasema nimewasahau. Nisingeweza kupanda basi nikamwacha vile, na mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Siku ya tano Skola alikuwa sokoni. Nikasikia kitanda kinalia. Nikasogea mpaka mlangoni, sikuingia. Mzee alikuwa ameshika kamba tuliyomfungia miguuni pa kitanda, anajivuta. Alipanda kidogo, akarudi. Akapumzika. Akapanda tena, jasho linamtoka, meno ameyauma, mpaka akakaa. Alikaa labda muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha akaniita bila kugeuka. Kumbe alikuwa anajua nipo. Akaniuliza mbona mahindi nimeyaweka mengi kuliko ya kwanza. Nikamwambia mtu aliyekaa anaona mbali zaidi. Akaniomba nimwekee mto mgongoni.

Tangu hapo alikuwa anakaa asubuhi na jioni, halafu miguu chini, halafu magongo. Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku alitupa gongo moja likavunja kioo cha kabati, na kuna siku alimwambia mtaalamu maneno ambayo sitayaandika.

Alhamisi iliyopita aliniomba nimtoe nje. Skola akamshika upande mmoja, mimi mwingine, tukaingia kichochoroni. Akasimama mbele ya ukuta. Kwa karibu vile hakuna shamba, ni mabaka tu ya kijani na kahawia. Akaupapasa kwa kiganja. Akaniuliza bani ni lipi hapo, nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye nguzo ya juu, akasema, "Hapa ndipo nilipoteleza." Kisha akamgeukia Skola, akamuuliza gari la kwenda Namtumbo siku hizi linaondoka saa ngapi.

Wataondoka wiki ijayo, kwa kutazama tu na kurudi, mtaalamu ameruhusu. Nami nikishamsaidia kupanda gari nitakuja Tunduru, nikae mpaka mtakaponichoka.

Nisalimie bibi, na baba mdogo, mwambie bango la duka lake nitalichora mwenyewe nikija. Msalimie shangazi wa msikitini na yule mkunga aliyenipokea nilipozaliwa, kama bado ana nguvu. Sauda namsifu kwa kusoma mpaka hapa. Dada Skola anakusalimu sana.

Mzee Nyoni naye, nilipomwambia nakuandikia, alisema nisifunge bahasha kabla sijaweka salamu zake. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, mwandikie mama yako kwamba binti yake alininyang'anya shamba, nikainuka kulifuata.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa