Upepo Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Upepo tangu alfajiri. Mapanga ya mitambo yetu ya upepo kilimani yanazunguka kama yanakimbizwa. Halafu simu kutoka gridi ya taifa: zimeni nusu, umeme umezidi. Roho inaniuma! Umeme mzuri hivi, tunautupa. Bosi anasema basi, hatuutupi tena. Mtambo mpya uko tayari: umeme wa ziada unapasua maji, tunapata haidrojeni, tunaichanganya kidogo na gesi ya kupikia ndani ya mabomba yaliyopo. Bomba ndilo ghala. Upepo ukilala, watu wanapikia upepo wa juzi. Umebaki mtaa kukubali tu.

Jumatano, 5 Machi
Mkutano. Nimeeleza mpaka koo limekauka. Mwokaji mikate wa pale kona akasimama. Mke wake, akasema, aliungua gesi ilipovuja, na sasa tunamletea nyingine inayovuja upesi zaidi? Nikamwambia ni kweli, ni nyepesi, hupenya penye ufa – ndiyo maana tumepima kila kiungo. Haikutosha. Siwezi kumlaumu.

Mara mama mkwe akainuka. Mama mkwe! Ambaye tangu niolewe ananiita “huyo fundi wako” akiongea na mwanawe. “Aanze kwangu. Ni mkwe wangu huyu. Akiniunguza, najua wa kumgombeza.” Watu wakaangua kicheko. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, nisionekane nalia.

Alhamisi, 6 Machi
Tumelitenga tawi la bomba la mama mkwe, haidrojeni ifike kwake tu. Nimefunga vali mpya mwenyewe. Yeye kwenye kigoda, macho kodo. Mwisho akasema, “Kumbe unajua kazi.” Nimetosheka kwa mwaka mzima.

Jumapili, 9 Machi
Upepo umelala kabisa, hata jani halitikisiki. Mama mkwe kawasha jiko. “Ah, mbona moto ni ule ule?” Alitegemea maajabu! Mume wangu kaonja chai sufuriani, kasema ina upepo; mamake kamchapa na kitambaa. Nikamweleza mama mkwe, sehemu ya moto ule ni upepo wa Ijumaa. Akautazama muda mrefu. Akanimiminia chai mimi kwanza. Nashukuru. Sijui nimshukuru vipi zaidi ya kuosha vyombo.

Jumanne, 11 Machi
Dhoruba inakuja. Gridi wameshaonya. Bosi anasema jiko moja halitoshi kuumeza upepo huu. Anataka mtaa mzima, yaani na tanuri la mwokaji. Nimesema simlazimishi mtu. Akanuna. Nikaja hapa kwa mama mkwe kupima viungo tena, na kupumua.

Hodi. Mwokaji – na mkewe mbele yake. Huyu mke sijawahi kumsikia akiongea. Hata salamu hakumalizia: “Aliyeungua ni mimi. Mbona mnaniongelea wote, na hakuna aliyeniuliza?”

Niliona aibu. Nikamwambia pole, nikamwambia karibu. Mama mkwe anamtafutia kiti chenye mto. Naandika haya upesi nisije nikayasahau maneno yake. Amesogea mwenyewe mpaka kwenye jiko. Anauliza: “Ikivuja, nitaijuaje kabla ya moto?” Swali bora kuliko yote ya mkutano!

Simu ya bosi inalia. Acha ilie. Nimetoa kifaa cha kunusia uvujaji, kinakwenda mkononi mwa mke wa mwokaji. Mumewe bado yuko mlangoni. Haingii, haondoki. Kavua kofia – naacha kuandika, nikamkaribishe.