Jina Alificha, Sauti Hakuficha

Sumeya, uko? Usinipigie, bado niko kwa hii hall ya Bungoma, nitalia mbele ya watu.

Unamkumbuka Daktari Naim wa mifupa, yule alinipiga bega picha halafu Kocha Wanyonyi akanichukulia majibu? Leo alituita wachezaji atusomee utafiti wake wa mabega. Akasema, "Sasa msikie kocha mmoja, jina nimeficha," akaiweka rekodi ya sauti kwa spika.

Jina alificha. Sauti hakuficha!

"Kipa wangu bega rimechanika ndani. Daktari arisema asicheze. Mimi nikamwambia ni misuri tu, juu bira yeye hatufiki fainari."

Wanyonyi, bana! Nani mwingine kwetu Kitale anasema "misuri tu"? Si ndiye alikuwa akinikanda na mafuta moto, ati, "Vumiria mwanangu, ni misuri tu"?

Hall nzima ikacheka hayo matamshi. Hata mimi nilicheka, Sumeya. Nilicheka kabla nijue huyo kipa ni mimi.

Misuli tu! Msimu mzima nikirukia mipira na bega limechanika!

Ngoja. Ametuma voice sasa hivi.

"Mwanangu, bega riko aje?"