Honi Mpaka Butembo

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu kutoka Beni. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, nyumba yote iko na furaha.

Unauliza kama ni haya kumwambia chef wa bureau, mukubwa wako wa kazi, kwamba kazi imekuchokesha roho.

Wakati vita ya waasi iliisha, mimi dereva wa camion, lori kubwa, kila safari nilikuwa naendesha na woga. Nikaficha. Siku moja, pale Kalunguta, njiani kwenda Butembo, nikashindwa kuondoka, nikaambia madereva benzangu: "Bandugu, naogopa hii barabara."

Mukubwa wetu akajibu: "Hata mimi. Tangu vita, usingizi hapana."

Bote bakasema vile vile. Basi tukaenda pamoja, camion nyuma ya camion. Tuliingia Butembo tukipiga honi zote, bamama ba soko bakapiga vigelegele.

Umwambie, Zaina. Pengine chef naye anangoja mutu aanze.

Babu yako, Hamisi