Jibu tulilomrudishia Mama Lotsove

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, njia ya ofisini ni matope matupu, na mimi nina hasira.

Kazi yangu ni kujaribu programu kabla watu hawajaitumia. Hii yetu inawasaidia waliokimbia vita kutafuta ndugu zao: karani anaandika jina, ombi linakwenda kwenye seva ya mbali, jibu linarudi. Kwa kuwa mtandao wa Bunia hukatika ovyo, siku moja nilirekodi maombi ya kweli pamoja na majibu yake. Tangu hapo jaribio likiuliza, linapewa jibu lililorekodiwa. Si vibaya, mradi rekodi zibaki kwenye mashine yangu.

Hazikubaki.

Wageni walikuja kutazama mradi, na chef wetu, yaani bosi, akaogopa mtandao utamwaibisha. Akaniagiza niwashe rekodi hizo kwenye mashine ya mapokezi, zijibu badala ya seva. Nikawasha. Wageni walipiga makofi, wakaenda zao. Kuzima hakuna aliyekumbuka, hata mimi.

Siku niliyorekodi, aliyekuwa kwenye benchi ni Mama Lotsove, aliyepotezana na mama yake mzee walipokimbia Djugu. Jibu lake lilikuwa: hajapatikana. Amerudi kila Jumanne, leo ni ya nne. Majina mapya yalikwenda kwenye seva kama kawaida, ila yeye alirudishiwa jibu lilelile la siku ile. Leo alisimama taratibu, akaniambia, "Mutoto yangu, siye tutafanya tu kilio kesho. Sitarudia tena."

Alipokwisha kuondoka ndipo nikaona tarehe chini ya jibu. Ni ya siku niliyorekodi! Nikazima rekodi, nikauliza upya.

Mama yake yuko Boga, mzima. Aliyemwandikisha ameongeza kwamba bibi huyo huuliza kila mara kama binti yake anamtafuta.

Nikamkimbilia chef. Hakuinua hata kichwa. "Ma test yote iko vert, weye unalalamika nini? Andika tu réseau ilikatika."

Eti réseau! Mtandao haukukatika. Majaribio yalikuwa kijani, yaani yamefaulu, kwa sababu tulijiuliza na kujijibu wenyewe. Uongo huo siuandiki. Na mkono uliowasha ni wangu, hilo nalo sitalificha.

Simu ya Mama Lotsove imezimwa. Kesho alfajiri napanda pikipiki hadi kambini anakoishi, nimwambie yote, kabla hajaanza kumlilia mama aliye hai.