Sauti Uliyoiweka Kabatini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hapo umeinua mkono wa kulia, na hiyo ndiyo marahaba yangu siku hizi. Nimeipokea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga anapokea Shangazi Rukia, anakuuliza swali langu kwa maneno yake, wewe unagonga meza, kisha yeye ananifasiria hiyo meza. "Baba yako anasema hajambo." "Baba yako anasema mle vizuri." Nimechoka kuongea na meza, Baba. Ujumbe wa maandishi ndiyo usiseme, unaandika kama mtu anayekatwa nyama kwa kila herufi. Ule wa mwisho ulisema, "Seif ataniwakilisha Ijumaa," basi, hata salamu hakuna. Niliusoma nikiwa dukani, nikaifunika simu kwenye kaunta, nikamhudumia mteja vijiko vyake, nikarudi nikausoma tena.

Hilo ndilo linaloniandikisha. Ijumaa ijayo baada ya swala Hamad ananioa, na wa kumwambia "nimekuoza binti yangu" ni wewe. Sheikh ameshasema kuweka wakala inajuzu, najua, na Ami Seif ni ndugu yako wa tumbo moja, namheshimu. Lakini sikukua mikononi mwa Ami Seif. Kesho asubuhi anapanda basi kuja huko Tanga. Ama atakuletea nyuki wako wa kusemea akiwa mzima ndani ya bodi mpya, ama atakuletea barua hii peke yake na kurudi na idhini ya kukusemea. Ni lipi kati ya hayo, hata mimi sijui bado. Neema yuko juu anaiangusha hiyo bodi kuijaribu, mimi niko chini dukani kwenye kiti chako nangoja, na mwandiko wenyewe unauona ulivyo.

Neema ni yule binti wa Kichaga mwenye karakana jengo la nyuma yetu, anayetengeneza bodi za vifaa, yaani ganda la nje. Baba yake ndiye mwenye duka la jumla la sabuni, yule mliyekuwa mkigombana kila Jumamosi kwa ajili ya mikokoteni kuziba njia. Asikwambie mtu, binti yake ana roho nzuri kuliko nyinyi wote wawili. Dirisha lake linaangalia uani kwetu. Kila akiangusha kitu nasikia, na kila nikisikia nasimama.

Nimesimama sasa hivi. Nimekaa tena.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiuza sahani? Wenzako mtaa mzima walikuwa wanasifia mali zao mpaka mate yanawakauka. Wewe ulikuwa unachukua sahani ya melamini, unatoka nayo kibarazani, unaibwaga kwenye saruji mbele ya mteja, kwa nguvu, wapita njia wanageuka. Sahani inaruka, inazunguka, inatulia. Na wakati wote huo ulikuwa unamwangalia mteja usoni, sahani huishughulikii. Namkumbuka yule mama muuza viatu wa Mchikichini, mwenye jino la dhahabu, aliyekwambia, "Wewe umeshazoea, unajua pa kuiangushia." Ukampa sahani mkononi. "Usiniamini mimi," ukamwambia. "Itupe mwenyewe." Aliitupa na hasira zote alizotoka nazo nyumbani, sahani ikaenda kugonga mlango wa jirani ikarudi nzima, na siku ile alibeba za shughuli nzima. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya boksi la chupa za chai, nakula karanga, najiona sina mwenzangu Kariakoo nzima.

Halafu tunarudi nyumbani, na bwana yule yule aliyeshinda akibwaga sahani anageuka mtu mwingine kabisa. Vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu kwenye kabati la sebuleni, nani alithubutu kuvigusa? "Hivyo vya wageni," ulikuwa unasema. Sisi tulikunywa chai kwenye vikombe vya plastiki vilivyopauka mpaka rangi yake hatuijui. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya nailoni yake, na nailoni ikichanika unaivalisha nyingine. Mama alikuwa anakutania kwamba ungekuwa na uwezo ungetufunga hata sisi nailoni. Tulicheka sana wakati ule. Ilikuwa inachekesha.

Nimesikia kishindo kingine. Huyu Neema ataniua kwa presha.

Baba, sasa naomba nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukwambia, na usigonge meza mpaka nimalize. Ulipotolewa sanduku la sauti hospitalini, ukarudi nyumbani na kitambaa shingoni kuziba lile tundu, nilijua sauti yako sitaisikia tena na nilikuwa nimeshaanza kukubali. Kisha kikaja kile kifaa cha mkononi, mfano wa tochi ndogo. Ukakibana chini ya taya, kikavuma, na mdomo wako ukaukata ule mvumo ukawa maneno. Mama akasema ni nyuki, jina likakaa. Neno lako la kwanza lilikuwa kumshukuru daktari. Nilitoka nje ya kile chumba nikalia mpaka muuguzi akaniletea maji. Sauti haikuwa yako, ilikuwa kavu, ya mlio mmoja tu, lakini ulivyokuwa unayavuta maneno ni wewe mtupu.

Tukarudi nyumbani. Ukamfuta nyuki kwa kitambaa safi, ukamfunga nailoni, ukamweka kabatini katikati ya vikombe vya dhahabu.

Wakija wageni anatoka. Jirani akija kukujulia hali, mnazungumza mpaka adhana. Wageni wakiondoka anafutwa, anafungwa, anarudi kabatini. Na sisi? Ukitaka sukari unanyoosha kidole. Ukitaka feni izimwe unanyoosha kidole. Nikikuuliza, "Baba, leo vipi?" unatikisa kichwa kidogo, unanitazama kwa huruma, basi. Ulikuwa unaogopa atachakaa, najua. Ulisikia kwamba mwingine si rahisi kupatikana, ukaona bora umtunze. Ila iliniuma, Baba. Iliniuma sana. Siku Hamad na wazee wake walipokuja kuleta posa, ulizungumza nao jioni nzima, ukataniana na babu yake, ukasimulia mpaka habari za mwaka maji ya Jangwani yalipoharibu mzigo wako wa masufuria. Mimi nilisimama nyuma ya pazia na sinia la kahawa mpaka kahawa ikapoa. Mama akafikiri naona haya. Nilikuwa nasikiliza sauti ya baba yangu.

Na mwisho wake nani alimvunja? Nailoni. Ulikuwa unamtoa kwa ajili ya mgeni, mkono una jasho, nailoni inateleza, akakuponyoka akaanguka kwenye marumaru, bodi ikapasuka toka juu hadi chini na sauti ikawa inakuja inakatika. Hukumwangalia mtu. Kesho yake ukasema, yaani ukaandika, unakwenda Tanga kubadilisha hewa. Hewa gani, Baba? Wewe na hewa ya Tanga mna nini?

Nilimpelekea Neema vipande kwenye mfuko. Akafungua, akachungulia ndani muda mrefu. "Dada Zuwena," akaniuliza, "hiki kifaa mzee amekitumia kweli? Kitufe bado kipya."

"Anaongea na wageni," nikamwambia.

Akavipanga vipande mezani kimoja kimoja.

Akataka kujua mkono wako ulivyo. Ningemweleza vipi? Nikampelekea ile nyundo yako ya kufungulia masanduku, yenye mpini ulioliwa na kiganja chako mpaka pana shimo la dole gumba. Akaupima mpini na shimo lake, akauchora kwenye kompyuta, mashine yake ikaanza kuchapa plastiki tabaka kwa tabaka. Bodi ya kwanza alipoiangusha ilikatika pembe. Ya pili ilistahimili kuanguka, lakini alipoilaza kwenye joto na unyevu, maana Dar unaijua, kitufe kikaganda. Ya tatu ndiyo iko juu sasa hivi. Ndani yake ameweka kipande cha chuma chenye uzito wa nyuki, kwa sababu nyuki mwenyewe ni mmoja tu na hataki kumchezea. Amenikataza kuingia. Anasema nikiwapo nashtuka, na yeye naye anashtuka.

Subiri, amekuja mteja.

Nimerudi, na nimeaibika. Dada mmoja alitaka sahani za hitima, akaniambia nimwonyeshe kama kweli hazivunjiki. Nikatoka nayo kibarazani kama wewe, nikaiachia. Ikatua kimya. Yule dada akanitazama chini juu. "Hujaitupa hiyo, umeiweka," akasema. "Mimi nataka kuona ikitupwa." Mkono uligoma, Baba. Kila nikiinua nasikia dirisha la Neema. Ameondoka bila kununua, na majirani zako wa ng'ambo wamecheka watakavyo.

Kimya sasa huko juu. Kimya hiki ndicho sikitaki.

Neema ameshuka.

Ngoja nikuandikie kama ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo kwanza nimeishika tena kalamu. Alikuja na nyuki amefungwa ndani ya bodi ile ya tatu, nyeusi, na shimo la dole gumba pale pale. Uso wake sikuusoma. "Bodi imepita," akasema. "Saruji, marumaru, joto, maji, kitufe, yote imepita. Kifaa chenyewe cha ndani ndiyo sijakijaribu. Nikikiangusha kikafa sina kingine, na sitaki kuwa mimi niliyekuharibia harusi. Mpelekee mzee hivi hivi, mwambie akitunze."

Akitunze. Nilisikia hilo neno nikaliona kabati lote mbele yangu, na nailoni, na kidole kinachoonyesha sukari. Nikikuletea asiyewahi kutupwa, Baba, utafanya nini? Utasema maneno ya Ijumaa, utamfuta, utamfunga, utamrudisha. Nakujua.

"Nipe," nikamwambia Neema.

"Zuwena, usifanye hivyo."

"Nipe, mama. Sisi hapa mali hatuitoi bila kuitupa."

Nikatoka kibarazani. Mzee Salehe wa mapazia, yule rafiki yako, akaacha kupima kitambaa. Neema akajifunika macho. Nilijiambia nikimuua huyu nyuki, Ijumaa nitasikia naozwa kwa sauti ya Ami Seif na nitakuwa nimejitakia mwenyewe, na ni kweli nilitaka kurudi ndani. Kisha nikainua mkono mpaka juu ya bega, kama ulivyokuwa ukifanya, nikambwaga kwenye saruji.

Aliruka. Akagonga ngazi, akaviringika, akaingia chini ya meza ya masufuria. Nilipiga magoti hapo hapo mbele ya watu, na gauni langu jipya, nikampapasa kwenye vumbi mpaka nikampata. Nilibonyeza kitufe, hakuna kitu. Neema akapiga magoti kando yangu, akanishika kidole akakisogeza. Nilikuwa nabonyeza pembeni. Kitufe kiko pale dole lako linapokaa, na langu ni dogo.

Akavuma.

Sikujua nifanye nini, nikambana chini ya taya langu kama wewe. Nikazuia pumzi, nikafungua mdomo bila kutoa sauti yangu, nikatamka neno moja. Ikatoka ile sauti kavu, ile niliyoisikiliza nyuma ya pazia. Nilisema "Baba", na nikalisikia kwa sauti yako. Mzee Salehe akageuka ukutani, akajifanya anatafuta futi yake.

Basi Ami Seif anakuja naye. Sijamfunga nailoni. Kwenye pembe ana mkwaruzo mkubwa, na Neema alitaka kuulainisha nikakataa, uuone kwa macho yako, ujue ameshatupwa na aliyemtupa ni nani. Ukitaka, mtupe mwenyewe. Bodi ikichoka Neema ana vipimo vyote, atachapa nyingine. Bahasha sijaigundisha, maana Ami ataifungua tu njiani, namjua.

Njoo kabla ya Ijumaa. Njoo hata Jumatano. Ya Ijumaa utayasema mbele ya watu, na kwa watu huna choyo. Mimi nataka ya kabla yao. Nataka ukae mezani asubuhi uniombe sukari kwa mdomo wako, uniambie chai nyepesi, ugombe kwa nini yule dada wa hitima nilimwacha aondoke. Kuanzia Jumamosi nikija hapo nyumbani nitabisha hodi. Mama atanitolea kikombe chenye ukingo wa dhahabu, na wewe utazungumza nami vizuri mpaka adhana.

Niongeleshe, Baba, kabla sijawa mgeni.

Ni mimi, ambaye bado ni wa humu ndani,
Binti yako Zuwena