Ukuta Mweupe wa Nyumbani kwa Wiebe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Drachten, 18 Machi 2019, saa nne asubuhi

Jina: Tjitske Bouma. Umri: miaka 58. Kazi: muuzaji, duka la vifaa vya ujenzi. Makazi: Drachten.

Mnamo tarehe 14 Machi 2019, saa tano kasoro robo asubuhi, nikiwa kaunta, shemeji yangu Wiebe Hoekstra, mume wa mdogo wangu, alinipigia simu. Alitaka kuvunja ukuta kati ya jiko na sebule, akaniuliza umejengwa kwa tofali gani. Nikamuuliza ndani una rangi gani. Akasema ametoboa, vumbi limetoka jeupe.

Dukani kwetu tofali la jasi tunaliita "nyeupe" kwa mkato. Hilo ni la kugawa vyumba tu, halibebi kitu. Lakini tofali la chokaa na mchanga nalo ni jeupe, na hilo ndilo linalobeba sakafu ya zege ya ghorofani. Jasi hukwaruzika kwa ufunguo. La chokaa halikwaruziki. Nimeuza yote mawili miaka ishirini na sita, na kila mfanyakazi mpya namfundisha aulize kwanza habari ya ufunguo.

Sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, na Wiebe hupiga simu hata akitaka kununua skrubu. Nikamwambia, "Hiyo ni nyeupe tu, shemeji. Vunja."

Akasema, "Mbona nyundo inadunda, Tjitske?"

Nikamjibu, "Inadunda kwa sababu unaupapasa ukuta kama paka. Mwite Jelle akuoneshe wanaume wanavyopiga." Wateja walicheka, nami nikacheka.

Jelle Terpstra ni jirani yake. Jumamosi tarehe 16, saa nane mchana, Jelle akiwa anaupiga nyundo, ukuta ulianguka na sakafu ya juu ikamshukia. Nilifika saa nane na nusu. Nilitoa ufunguo wangu nikakwaruza kipande kimoja cha tofali. Haukuacha hata alama. Jelle amekatwa mguu wa kulia.

Wiebe aliwaambia askari kwamba hakumuuliza mtu, alijiamulia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikanyamaza. Jana alinipigia: "Usiseme kitu, watakufukuza kazi. Mimi nimeshayavulia maji nguo." Nilimshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Wiebe aliuliza, tena mara mbili, na mimi ndiye niliyemjibu. Haya ndiyo niliyoyatenda na kuyaona, nimeyasema bila kushurutishwa.

Sahihi: T. Bouma

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi. Kabla hajatia sahihi nilimweleza kwamba kwa maneno haya anaweza kushtakiwa, na kwamba ana haki ya kumsubiri wakili. Aliomba kalamu.
Sajini R. Dijkema